Kanga Ruhusa, Jina Ndani

Matroni akiingia chumbani alikuwa anasalimia ukuta kwanza, watu baadaye. Anausukuma mlango, anasimama kizingitini na bunda lake la funguo, macho yanapita kulia, yanapita kushoto, yanapanda mpaka darini, ndiyo anasema, "Asalaam alaykum." Sisi tunaitikia tumeshasimama wima, mioyo inatudunda, kwa sababu tunajua yaliyomo ukutani na tunajua keshayaona.

Kwao wapi na kazaliwa lini, msiniulize. Siyajui, na mwenzetu aliyejaribu kumuuliza aliishia kukabidhiwa ufagio. Jina lake lilikuwemo kwenye barua za ofisi. Sisi tulimwita Matroni, na mimi hata leo, na utu uzima huu na wateja wangu wanaonipigia simu kutoka kila pembe ya Unguja, ulimi wangu hauna jina jengine la kumwitia.

Dahalia yetu ilikuwa nje kidogo ya mji, jengo la ghorofa mbili la wasichana wa chuo. Kila chumba vitanda viwili, kimoja ukuta huu na kimoja ukuta ule, makabati mawili, dirisha moja lenye nondo. Kuta zote nyeupe, na weupe ule Matroni aliulinda kuliko alivyolinda geti. Msumari marufuku. Rangi marufuku. Gundi na selotepu ndiyo kabisa, maana alisema msumari angalau unakiri kosa lake, gundi inajificha. Siku ya ukaguzi alikuwa anapitisha kiganja ukutani polepole, macho kafumba, halafu kinasimama. "Hapa palikuwa na kitu." Na kweli palikuwa na kitu.

"Ukuta huu si wako," alikuwa akisema, "na wala si wangu. Tumeazimwa."

Sasa mwambie hayo mtu kama mimi. Mimi nimetoka Uroa, mama yangu analima mwani, nyumba yetu ya vyumba viwili inalaza watu tisa. Tangu nizaliwe sikuwahi kuwa na ukuta. Nilikuwa na upande wa mkeka, na upande wenyewe wa kugombania. Nilipopewa kitanda cha kulia katika chumba cha juu, na ubavuni mwake ukuta mzima mtupu, nilikaa juu ya godoro lisilo na shuka nikautazama ukuta ule kama watu wanavyotazama televisheni. Nikaanza kupanga palepale. Mimi ni mtu wa kujiamini, sifichi, na nilikuwa najua ninachokitaka.

Nilitaka makawa. Nilikuja nayo matatu kutoka kwetu, ya ukili wa rangi, moja kubwa na mawili madogo, kazi ya mikono ya bibi yangu. Mwenzangu wa chumba, Sabra, msichana wa Kipemba, mpole wa maneno lakini si wa macho, alinitazama ninavyoyapanga akaniuliza, "Hayo si ya kufunikia chakula?"

"Kwenu," nikamjibu. "Kwangu mimi ni mapambo."

"Basi sawa. Nikiona njaa ntajua pa kutazama."

Yeye upande wake ulikuwa pinki. Pinki shuka, pinki foronya, pinki pazia la kabati, maua ya plastiki ndani ya gilasi, na vipepeo vya karatasi vya kutundika juu ya kitanda, alivyovikata mwenyewe kwa mkasi wa kucha, thelathini na kitu, kila kimoja na mkunjo wake wa mbawa. Mimi niliviona vya kitoto na nikasema. Yeye aliyaona makawa yangu ya jikoni na alishasema. Tulivyoanza hivyo, tukapatana vizuri sana, kwa sababu hakuna aliyekuwa anamficha mwenzake kitu.

Siku ya tatu Matroni akaingia. Akatazama. Makawa nilikuwa nimeyasimamisha chini kwa kuogopa sheria yake, na vipepeo vya Sabra vilikuwa bado vimelala ndani ya bahasha.

"Mna mshipi?" akauliza.

Tukadhani mshipi wa kiunoni. Akacheka kwa pua. "Mshipi wa kuvulia. Wewe si mtoto wa Uroa?"

Kaka yangu akaniletea bunda zima. Matroni akavua viatu, akapanda juu ya kiti, na mikono ile iliyosifika kwa kubomoa mapambo ya watu ikafunga mshipi kwenye nondo ya dirisha, ikauvuta mpaka kichwani mwa kabati, ikaukaza. Uzi wenyewe hauonekani. Makawa yakaning'inia hewani mbele ya ukuta bila kuugusa, na upande wa pili vipepeo vikawa vinatikisika kila upepo ukipita. Akashuka, akarudi mlangoni, akafumba jicho moja.

"Kawa la katikati limeshuka vidole viwili."

Futi hakuwa nayo, maisha yake yote alipima kwa vidole. Mimi na ubishi wangu nikaenda kuazima futi kwa wanafunzi wa ufundi, nikapima. Ilikuwa ni vidole viwili, si zaidi wala si pungufu. Nikalipandisha kawa, nikairudisha futi ya watu.

Watu wakimkumbuka leo wanakumbuka ukali. Alikuwa mkali, lakini hamkosi humo kichekesho. Alikataza kula vyumbani, akisema makombo yanaita panya, na huku mkoba wake mweusi umejaa visheti, akikaa kwenye kiti chake cha getini anavitoa kimoja kimoja anavitafuna mdomo umefungwa. Ukipita ukamwona, unaangalia pembeni kwa adabu. Alituambia msichana asicheke kwa sauti, na kicheko chake yeye mwenyewe, siku zile chache kilipomtoka, kilisikika mpaka ghorofa ya pili. Akikugombeza asubuhi, adhuhuri anakuja kukuuliza kama umekula, na akikuuliza hivyo usidhani yamekwisha, maana alasiri anaendelea pale alipoachia.

Hakuwa na mtoto. Hilo alilisema mwenyewe, waziwazi, kama mtu anayesema hana baiskeli. Na alikuwa na neno moja asilolikubali. Msichana wa mwaka wa kwanza alishikwa na homa, akawa anaweweseka, akamwambia, "Mama, nipe maji." Matroni akampa maji, akamfuta uso, akamkalia kitandani mpaka adhana ya alasiri. Lakini alimwambia, na mimi nilikuwepo, "Mama yako yuko Makunduchi. Mimi ni Matroni."

Niliona ni roho ngumu. Nikamsema kwa Sabra, na Sabra akaniambia mimi sijui kitu.

Ilikuwa kweli sijui kitu, na sasa nije kwenye aibu yangu.

Muhula wa pili nilikuwa nimeshiba makawa. Nilitaka kitu kikubwa kimoja, kiujaze ukuta wangu, mtu akifungua mlango ajue hapa anakaa nani. Nikateremka mjini, nikaenda Mchangani, kwenye duka la mzee mmoja wa Kihindi ambaye baba yake na babu yake waliuza kanga mlango uleule. Nikainua macho kwenye rafu, nikaiona. Ya manjano iliyoiva, mpaka wake buluu nzito, na katikati maua makubwa ya korosho. Moyo ukanipaa.

"Ile," nikamwambia.

Mzee akaishusha, akaikunjua kidogo juu ya meza. "Jina umelisoma, binti?"

"Nshalisoma."

Uongo mtupu. Nilikuwa nimeisoma rangi. Akanitazama juu ya miwani yake, akaifunga kwenye karatasi, akanipa.

Mwanamke wa hapa hanunui kanga namna ile. Kwetu kinachonunuliwa ni jina, yale maneno yaliyopigwa chapa upande wa chini, na rangi inafuata. Mke mwenza anavaliwa jina, jirani anavaliwa jina, mume aliyechelewa kurudi anakuta jina limeanikwa uani. Anayevaa kanga mbele yako kakwambia kitu. Anayekutundikia usoni kakwambia kila siku. Mimi haya yote nilikuwa nayajua tangu nanyonya, na bado nikasimama juu ya kiti nikapitisha mshipi kwenye pindo, nikahangaika na mikunjo, yale maandishi makubwa ya buluu nikayaona kama sehemu ya urembo wa mpaka.

Vitanda vyetu vilitazamana. Mimi nikilala naona ukuta wa Sabra, na vipepeo vyake. Sabra akilala anaona wangu.

Wiki ile ile posa ya Sabra ilikuwa imevunjika. Watu wa mwanamume walileta salamu Pemba kwamba wameghairi, hawakusema kwa nini. Wa kwanza kuambiwa nilikuwa mimi. Alilia kwenye bega langu mpaka nguo ikalowa, nikamchemshia chai, nikamwambia huyo mwanamume hana bahati. Siku mbili baadaye nikatundika kanga yangu, nikatoka kwenda darasani naimba.

Niliporudi Sabra kalala kaelekea ukutani kwake, mgongo kanipa. Nikamsalimia, kimya. Nikajisemea ni huzuni, tumwache. Siku ya pili kimya. Siku ya tatu nikamuuliza kama nimemkosea nini, akanitazama kwa namna ambayo sijatazamwa tena na mtu, akachukua vitabu vyake akatoka. Jioni ile nikakuta vipepeo vimeshushwa vyote, vimerudishwa ndani ya bahasha. Mimi na akili zangu nikadhani anataka kubadilisha mapambo.

Siku ya nne, baada ya sala ya alasiri, akabeba begi lake kubwa akateremka nalo getini. Anakwenda kupanda boti. Anaacha chuo, anarudi kwao, na msichana anayerudi kwao posa imevunjika na masomo kayaacha, hatoki tena.

Getini kulikuwa na daftari la kutokea, lina mstari wa jina, mstari wa saa, mstari wa sababu. Matroni akalisukuma mbele yake.

"Andika."

Sabra akaandika jina. Akaandika saa. Kwenye sababu kalamu ikasimama. Matroni hakumhimiza. Akatoa kisheti kwenye mkoba akatafuna, akangoja. Mwisho Sabra akaweka kalamu chini akamwambia, "Nenda katazame ukutani kwake."

Mimi nilikuwa chumbani nasoma. Mlango ukasukumwa, Matroni kasimama na funguo, Sabra nyuma yake na macho mekundu. Macho ya Matroni yakapita kulia, yakasimama. Safari hii hakutoa salamu kabisa.

"Umeinunua wapi kanga hii?"

"Mchangani."

"Jina lake nini?"

"Sijui, Matroni."

"Hujui." Akalirudia taratibu. "Mtoto wa kike wa Unguja, kanga umeinunua mwenyewe, umeitundika mwenyewe, jina hulijui."

"Nilipenda rangi."

"Vua viatu," akaniambia. "Lala pale."

Akanionyesha kitanda cha Sabra. Nikavua viatu, nikalala juu ya shuka la pinki, kichwa kwenye mto wake. Nikageukia ukuta wangu. Na pale, kwa mara ya kwanza, nikaisoma kanga yangu. Sitayaandika yale maneno hapa. Yalikuwa ya kumcheka mtu aliyejiona keshashika, akaringa kwa kushika, kumbe kiganjani hamna kitu. Herufi zenyewe kubwa, buluu, zimefika usawa wa macho ya mtu aliyelala. Sabra alikuwa anayaamkia siku nne.

Nilitamani kitanda kile kinimeze. Nikalia, na kulia kwangu si kwa madaha, kamasi na sauti, na maneno hayatoki ila "Wallahi sikusoma, Sabra, wallahi sikusoma."

Matroni akamgeukia Sabra. "Umemsikia? Hakusoma. Huyu mjinga, si mbaya. Angekuwa mbaya ningekufungulia geti."

Sabra alikaa. Alikaa ukingoni mwa kitanda, miguuni pangu, begi bado liko mlangoni.

Matroni akatuteremshia kanga ile yeye mwenyewe. Akaenda, akarudi na mkasi, sindano mbili na pamba aliyoitoa sijui wapi. Akaikata doti mahali pake, vipande viwili, akatupa kila mtu chake. "Mito miwili. Jina ndani. Sitoki hapa mpaka nione mshono wa mwisho." Akakaa kwenye kiti akatusimamia. Tulishona mpaka karibu na magharibi bila kusemezana, kila mmoja anaikunja mistari ile ya buluu anaifungia ndani ya pamba, na mimi sindano ilinichoma mara ngapi sijui. Kabla hajaondoka Matroni aliliokota begi la Sabra akaliweka juu ya kabati, juu kabisa, ambako mtu mfupi kama Sabra asingelifikia bila kuomba msaada.

Ilichukua wiki mbili zaidi maneno yetu kurudi. Siku yalipoanza kurudi, Sabra aliniomba nimsogezee mkasi. Nikausogeza. Akatoa bahasha, akaanza kuvitundika vipepeo, kimoja kimoja, na kile cha mwisho akanipa mimi nikitundike upande wangu. Leo ni mwalimu kwao Pemba, ana watoto, na mto ule anao. Nimeuona sebuleni kwake, na wanawe wanaurushiana bila kujua kilichomo.

Kwenye ubao wa getini, chini ya saa za kufunga na zamu za usafi, ikaongezwa sheria mpya kwa mwandiko wa Matroni: Kanga ruhusa. Jina ndani. Wasichana wa miaka ya nyuma yetu walidhani ni mzaha wake, wakacheka, lakini waliifuata. Mimi tu na Sabra ndio tuliokuwa hatucheki.

Baada ya hapo Matroni alianza kunichukua. Nilikuwa sijui, lakini Matroni siku zake za mapumziko alikuwa anapamba vyumba vya maharusi. Mara ya kwanza tulikwenda Jang'ombe, nyumba ya watu imejaa mpaka barazani, akina mama wanapika uani, na katikati ya vurugu ile chumba kimoja kinatungoja kitupu. Akafungua kikapu chake. Asumini zimeshatungwa, mito, pazia, chetezo cha udi. Halafu akatoa nyundo.

Nusura nizimie. "Matroni, misumari?"

"Ukuta huu una mwenyewe," akasema, msumari keshaushika kwa midomo, "na mwenyewe keshanambia ndiyo." Akaupiga mara mbili ukaingia wote. Nimefanya kazi na mafundi wa kila namna tangu siku ile, sijaona mtu anayepiga msumari kwa raha vile.

Alipomaliza akavua viatu akalala juu ya kile kitanda, upande wa bi harusi. Akatazama. Akahamia upande wa bwana harusi, akatazama tena. Mabibi waliochungulia mlangoni wakaguna, lakini yeye hakuwajali. Akaniambia watu wanapamba chumba wamesimama katikati, wakati hakuna anayeishi akiwa kasimama katikati ya chumba. Watu wanaishi wamelala, wanaamkia kitu. "Tena mlipo wawili, ukuta wako anauona mwenzio. Wewe unao wake. Wewe hilo ulilipata kwa kilio, kwa hiyo hutalisahau."

Sikulisahau. Ndiyo kazi yangu yote hiyo. Leo napamba nyumba za watu, hoteli za huku mashamba, fleti mpya za Fumba, na kabla sijachukua kipimo chochote namwomba mwenye nyumba ruhusa, navua viatu, nalala kitandani kwake. Wengine wananiona kichaa. Wakishaona chumba kimekwisha hawaoni tena hivyo.

Lakini chumba chake mwenyewe nilikiingia mara moja tu. Alikuwa anaumwa, nikampelekea uji. Kilikuwa pale karibu na geti. Kitanda, mswala, sanduku, saa ya mezani. Kuta nyeupe tupu, hata kalenda hamna. Kakaa humo miaka ishirini na moja. Yule yule aliyejaza asumini na hariri vyumba vya nusu ya maharusi wa mji huu.

"Huku kwako mbona hujapamba?" nikamuuliza.

"Chumba cha chuo hiki," akanijibu, akapokea uji.

Nilikasirika, sijui nilimkasirikia nani. Nilirudi juu nikakaa chini ya makawa yangu na mshipi wangu, na chumba changu chote nilichokuwa najivunia nikakiona kina deni.

Miaka miwili baada ya sisi kumaliza, akastaafu. Wasichana wa miaka yote tukatafutana kwenye simu, tukakubaliana tumpe kanga, na kwa kauli moja, na vicheko vingi, wakanipa mimi kazi ya kuichagua. Nikarudi Mchangani. Yule mzee alikuwa yupo, amezeeka. Nikasimama mbele ya rafu saa nzima.

"Leo unasoma," akasema.

"Leo nnasoma, Bwana."

Nilisoma mpaka macho yakaniuma. Mwisho nikaipata, nyeupe, mpaka wake mwekundu wa damu ya mzee, na maandishi hayana fumbo wala kijembe wala mwenye kuulizwa maana yake. Yanasema tu: ASANTE MAMA KWA MALEZI. Nikayasoma mara tatu, nikamwomba na mzee ayasome kwa sauti, ndiyo nikanunua.

Tulimkabidhi ukumbini. Akaikunjua kidogo, akaona, akaikunja palepale akaitia kwapani. Tukangoja aseme. "Ahsanteni," akasema. "Viti virudishwe vilikotoka." Tukavirudisha. Alihamia Fumba, kwenye fleti ya mtoto wa kaka yake, na mimi nikawa nampigia simu siku za sikukuu, anauliza nimekula nini, anakata.

Mwaka huu, baada ya mfungo, simu ilitoka kwa mke wa yule mtoto wa kaka yake. "Shangazi anataka chumba chake kipambwe," akaniambia. "Miaka minne namwambia, Shangazi, chumba chako hiki, tundika utakacho, anasema ukuta si wake. Sasa jana asubuhi kaamka, kakutaja wewe kwa jina."

Nikaacha kazi za watu nikaenda. Nikamkuta kakaa kitandani, kakonda, lakini kilemba kakifunga barabara. Mkono wake ulikuwa na alama za sindano za hospitali.

"Shikamoo, Matroni."

"Marahaba. Umenenepa."

"Alhamdulillahi."

"Sijasema vibaya. Kaa."

Nikakaa, nikatazama. Kitanda, mswala, saa ile ile ya mezani. Kuta nyeupe nne.

"Nimelazwa siku kumi na mbili," akaniambia. "Nikilala natazama ukuta mweupe. Wakanirudisha huku, nikalala, nikafumbua macho, ukuta mweupe. Nikajiuliza, nimerudi au bado niko kulekule?" Aliyasema kavu, kama anayetoa taarifa ya bomba lililovunjika. "Nimepamba vya watu maisha yangu yote. Sitaki kufa mgeni."

Nikainama kwenye mkoba wangu kuficha uso, nikatoa bunda la mshipi, nikaanza kutafuta pa kufungia dirishani.

"Mshipi wa nini?"

"Wa kutundikia."

Akavuta mtoto wa meza. Ndani mlikuwa na nyundo, ile ya Jang'ombe, naijua kwa mpini, na misumari miwili mipya. Chini yake, ndani ya mfuko wake wa nailoni ambao haujafunguliwa tangu siku ile ya ukumbini, kanga yetu. "Nshawaomba wenyewe," akasema. "Nimewaita wote wawili hapa, nimewaomba. Wamesema ndiyo. Yule mwanamume analia, sijui analia nini."

Nikapanda kiti. Nikapiga msumari wa kwanza, nikapiga wa pili, mbele ya kitanda chake, na yeye nyuma yangu ananihesabia mapigo. Nikaikunjua kanga. Na mikono yangu, bila kuniuliza, ikafanya ilichofundishwa: ikashika pindo la chini, ikalikunja maandishi yaingie ndani.

"Jina nje," akasema Matroni.

Nikageuka. "Nje?"

"Nimesema nje. Ukuta wangu."

Nikaliachia pindo likashuka. Nikanyoosha, nikafunga, nikabaki nimeushika ukuta kwa viganja viwili. Nyuma yangu nikasikia viatu vinavuliwa, kimoja, kingine. Kitanda kikalia. Kalala. Sikugeuka, namjua, hapendi kutazamwa akitazama. Huko sebuleni watoto wa nyumba ile walikuwa wanagombania rimoti, na mama yao anawanyamazisha.

"Kushoto kumeshuka kidole kimoja," akasema mwisho. Sauti yake haikuwa ile ya getini.

"Naam, Mama."

Lilinitoka tu. Nikasimama pale juu ya kiti na nyundo mkononi, nikangoja anisahihishe.

"Kimoja," akasema. "Usije ukapandisha viwili."